Mwalimu wa Cherehani na Kabati Lake la Nyaya

Alizaliwa wapi, baba yake nani, ukoo upi, hayo kawaulize wenye ukoo wao. Mimi nilimkuta mama mtu mzima, mstaafu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Area D, Dodoma, na mtaa mzima tulimwita Mwalimu. Walimu wastaafu mtaani kwetu wamejaa tele, lakini ukisema "Mwalimu" bila kuongeza neno, hata muuza maji anakuonyesha geti lake. Alifundisha ushonaji miaka yote ya kazi yake, kwenye shule za wasichana za huku kanda ya kati, na baadhi ya wanafunzi wake sasa ni wakubwa wenye madereva. Nimewaona kwa macho yangu haya wakishuka garini na kujikagua pindo za sketi kabla ya kugonga.

Nitaanza na kabati, kwa sababu kila aliyewahi kuingia nyumba ile huanza na kabati.

Lilikuwa koridoni, kati ya sebule na jikoni, limejengewa ukutani usawa wa kifua chake. Ukifungua unakutana na ubao mwembamba wa chuma wenye matundu yaliyojipanga mstari mmoja. Mafundi wanauita pachi paneli. Nyaya zote za intaneti za nyumba nzima zinatokea ukutani na kuja nyuma ya ubao huo, kila waya na tundu lake. Kwa mbele, vipande vifupi vya waya vinashuka hadi kwenye swichi, kile kiboksi kinachogawa mtandao na umeme kidogo wa kuendesha kamera. Basi, ni hayo tu. Ofisini kwetu tuna kabati kama hilo, kubwa kuliko mimi, na ukilifungua utadhani mtu amemwaga sufuria ya tambi.

La Mwalimu, mama yangu! Nyaya zilikuwa zimelala kwa mstari, zimebanana bila kupandana, kila mmoja umekata kona palepale ulipokatia mwenzake. Hakuna uliolegea, hakuna uliovutwa. Zilifungwa kwa tepe za kunata, zile za kwenye raba za watoto, na kila tepe alikuwa ameishona pindo mwenyewe. Nilisimama mdomo wazi. Umri wangu wote sikujua kwamba nyaya zinaweza kupendeza, na nilitamani nikamwite mume wangu aje aone.

"Unaona nini?" aliniuliza.

"Naona... pamenyooka, Mwalimu."

"Pamenyooka! Ndiyo maneno yote uliyotoka nayo chuo?"

Kumbe aliuliza kwa kutaka kujua kweli. Yeye mwenyewe kabati lile alikuwa anaona ukungu tu. Macho yalikuwa yanamwisha. Presha ya macho, na daktari hakumzungusha: kilichopotea hakirudi, kilichobaki tutajaribu kukishika.

Sasa sikiliza vizuri, maana mambo yote ya Mwalimu yamekaa hapa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, yuko Dar na kazi yake nzuri ya kompyuta. Mtoto huyo aliposikia habari za macho akasema mama anahama, anakuja Dar, chumba kipo. Mwalimu akasema thubutu. Ile nyumba aliijenga na marehemu mume wake chumba baada ya chumba, kila wakipata kidogo wanaongeza ukuta, na humo alijua kila kizingiti kwa unyayo. "Nyumbani kwangu nikipofuka nitakuwa kipofu," aliniambia. "Nyumbani kwa watu nitakuwa mzigo." Walibishana weee, mpaka wakakubaliana hivi: mama atabaki, lakini mtoto aweze kumwona na kuzungumza naye wakati wowote. Kamera sebuleni, jikoni, uani kwenye mizabibu, na getini yenye kengele yake. Simu ya mezani ya mtandao kila chumba anachotumia, asiwe anapapasa kutafuta simu ya mkononi. Na sharti moja.

"Siku nikikutafuta kwenye kamera nisikuone, mama, napanda treni nakuja kukuchukua. Siku hiyo hatujadiliani."

Akakubali. Kwa hiyo watu wa mtaa wakisema Mwalimu uzeeni alipatwa na kichaa cha nyaya, mimi huwa nawanyamazisha. Zile nyaya ndizo zilizokuwa zinamweka nyumbani kwake, na kila siku aliyoamka kitandani mwake mwenyewe alikuwa ameishinda Dar es Salaam.

Usiniulize kwa nini asitumie waifai. Nyumba imeungwaungwa, ukuta juu ya ukuta, rauta ikiwa sebuleni jikoni hupati hata dalili. Na tena hakuamini kitu asichoweza kukishika.

Alikuwa na tabia moja ambayo usipoijua humjui. Kila nguo aliyoshika aliigeuza. Harusini, msibani, kanisani baada ya ibada, alikushika mkono kukusalimia na kidole gumba tayari kimeingia ndani ya mkono wa gauni lako, kinapita kwenye mshono. "Geuza tuone kwa ndani," hilo ndilo lilikuwa neno lake. Kuna bibi harusi mmoja hapa mtaani alivaa shela ya kukodi, imejaa lulu kifuani, watu wote wanapiga vigelegele. Mwalimu alipita kwenye mstari wa pongezi, akainama, akashika pindo, akalifinyafinya. "Aliyeshona alikuwa na haraka," akasema, "lakini wewe umependeza," akambusu. Yule binti hakujua acheke au alie.

Mimi mwenyewe alinivua gauni. Ndiyo, alinivua! Nilikuwa nimeshona kitenge kipya cha sherehe ya ofisini, nikaenda kujionyesha. Akapapasa bega, akasema hili halifiki saa tisa, vua. Nikakaa sebuleni kwake nimejifunga kanga kama mgonjwa, mtu mzima mwenye cheo changu, wakati yeye anafumua na kushona upya kwa mkono, macho ameyaelekeza dirishani huku vidole vinatembea vyenyewe. Sherehe ilikwisha saa mbili usiku na bega halikusogea.

Mtu wa namna hiyo, sasa, mpe fundi wa nyaya.

Fundi wa kwanza wa ile nyumba ndiye huyohuyo aliyekuja kuwa wa mwisho, baba mmoja mstaarabu kutoka mtaa wa Kikuyu hapahapa mjini, na pikipiki yake. Mwanzoni alifanya kama wanavyofanya mafundi wetu wengi. Alichimba kuta, akalaza nyaya humo, akazifukia na plasta bila bomba, akapaka rangi, akaosha mikono. Miisho yote aliikusanya kwenye kona ya sebule nyuma ya kochi, rundo limefungwa na uzi wa kiroba. Kamera ziliwaka, mtoto akamwona mama, watu wakapiga makofi. Hakuna aliyewakumbuka mchwa, na Dodoma hii ukimsahau mchwa yeye hakusahau. Miezi haikuwa mingi, picha ya jikoni ikafa, kisha ya uani, kisha zote, na mtoto akashuka stesheni kama alivyoahidi.

Siku ile nilisikia sauti zao kupitia ukutani. Mwalimu hakuwa mtu wa kuomba, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia anaomba. "Nipe mpaka mvua zianze," alisema. "Aliyeshindwa ni ukuta, si mimi. Mvua zikianza bado hunioni, nitapanda treni mwenyewe, hutanibeba." Mtoto akampa.

Kesho yake fundi akaitwa. Nilikuwepo, maana mimi sikosi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Fumua."

"Nifumue nini, Mwalimu?"

"Kazi yako. Yote. Umeshona bila kupiga pasi, sasa unafumua."

Fundi akacheka, akidhani utani. Akaona uso, akaacha kucheka. Alivunja plasta siku nzima, vumbi mpaka kwenye kope, na Mwalimu amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya korido akisikiliza nyundo. Safari hii mabomba yakapita juu, chini ya dari, mahali ambapo mkono unafika na mchwa anaonekana. Na nyaya zote zikaelekezwa kwenye kabati.

Kisha ukaja mjadala wa ubao, na hapo ndipo nilipoanza kumwogopa yule mama kwa heshima. Fundi alileta pachi paneli ya kawaida, ile ambayo matundu yake yametengenezwa pamoja na ubao. Mwalimu akaichukua, akaipakata, akaipapasa mbele na nyuma kama mtu anayechagua papai sokoni.

"Tundu moja likifa?"

"Likifa, Mwalimu, unahamia jingine."

"Na hilo jingine likifa?"

"Basi tunabadilisha ubao."

"Na siku hiyo wewe uko Kondoa kwenye kazi nyingine, na mwanangu yuko kwenye treni." Akamrudishia. "Hii imetengenezewa mwenye macho. Nataka tundu linalong'oka."

Kumbe zipo. Sikujua, na fundi alizijua ila hakuwahi kuulizwa. Ni fremu tupu yenye nafasi, halafu unanunua jeki, yaani tundu lenyewe, moja moja, unaibonyeza kwenye nafasi yake inasema ta! Ikiharibika unaibana kisikio chake kwa kidole, inatoka, unaweka nyingine, wenzake hawajui lililotokea. Na ziko jeki zenye mdomo mbele na mdomo nyuma, unachomeka waya huku na waya huku, hakuna kukata wala kupanga vinyuzi vya rangi. Mwalimu alipoelezwa hilo aliinua kichwa. Rangi ndizo zilizokuwa zinamtisha, maana kijani na kahawia kwake zilishakuwa kitu kimoja.

Fremu ikaja na basi kutoka Dar. Akaomba na jeki za akiba, akaziweka kwenye mfuko wa kitambaa ukutani mwa kabati.

Fundi akauliza, "Niandike namba kwenye nyaya, Mwalimu?"

"Namba nitaisoma na pua?"

Akaingia chumbani, akatoka na furushi la vitambaa. Vipande vya mafundi cherehani wa soko la Majengo, vile wanavyotupa chini ya meza. Akaanza kukata na kushona vijisoksi vidogo, na kila kimoja akakivisha waya mahali karibu na mwisho, kimoja nyuma ya ubao, mwenzake kwenye waya mfupi wa mbele. Sebule ni mahameli. Jikoni ni kanga kuukuu, laini ya kufuliwa. Chumba chake cha kulala ni satini. Uani kwenye mizabibu ni gunia. Getini ni jinsi, ile ngumu ya suruali, "kwa sababu geti linapigwa jua na kila mtu analigonga." Hakuna herufi, hakuna tarakimu. Unatia mkono kabatini na nyumba nzima unaipapasa vidoleni. Mimi naona vizuri, nashukuru Mungu, lakini siku ile nilifumba macho nikajaribu, nikashika gunia, na nikajua niko uani. Mwili ulinisisimka, sikufichi. Fundi naye alivua kofia yake, sijui hata kama alijijua.

Mtandao ulirudi kabla ya mvua, na mtoto akampigia mama yake kusema sawa, endelea.

Usidhani sasa kwamba alikuwa mtu wa mpangilio kila mahali. Loo! Droo ya jikoni kwake ilikuwa vijiko, mikasi, betri, mishumaa, dawa ya kikohozi na limao lililokauka. Kabati la nguo ukilifungua vibaya linakuangukia. Nilimtania siku moja: "Mwalimu, mbona huku hapajanyooka?" Akanijibu bila kugeuka, "Hakuna anayekuja kunichukua kwa ajili ya vijiko."

Tena, mtandao alikuwa nao mzuri kuliko wa ofisi yangu, lakini kuongea nao hakupenda. Mtoto akipiga: "Mzima. Nimekula. Kwaheri." Nilikuwa namgombeza, nikimwambia huyo ni mwanao, mpe hata habari za mizabibu. "Habari anaziona," anasema. Na kweli. Kila jioni, jua linapolegea, alikuwa anaoga, anavaa gauni safi, anafunga kilemba vizuri, anajipaka mafuta usoni, kisha anakaa kwenye kochi ameikabili kamera ya sebuleni. Haongei. Hasikilizi redio. Amekaa tu wima, aangaliwe. Mara ya kwanza nilipomkuta hivyo nilirudi nyuma taratibu, kwa sababu niliona nimeingilia mazungumzo.

Na alikuwa anafanya mazoezi. Wakati bado ana mwanga kidogo, nilimkuta mchana kweupe amejifunga kanga machoni, anatembea koridoni. Nikapiga kelele, "Mwalimu, kulikoni!" Akaniambia ninyamaze, namvurugia hesabu. Akafika kabatini, akafungua, akang'oa jeki, akairudisha, akafunga, akageuka, akaenda jikoni akabandika chai. "Giza linakuja kwangu," alisema akivua kanga, "lisinikute sijui njia." Alisema hivyo kama mtu anayepanga kupokea mgeni. Mimi nilikwenda kwangu nikakaa kitandani nikalia, halafu nikaona aibu kulia wakati mwenye macho yanayokufa hajalia.

Basi ikaja ile radi.

Ilikuwa mwanzo wa mvua nyingine, mchana, mbingu imekuwa nyeusi upande wa milimani. Ilipiga mara moja tu, karibu, mpaka vikombe vikagongana jikoni kwangu. Haikupita muda simu yangu ikaita. Ni mtoto wa Mwalimu.

"Dada, mama simwoni. Kamera zote zimekufa. Simu haziiti. Yuko hai?"

"Ngoja niangalie, kaka."

"Mwangalie, tafadhali. Lakini mwambie natafuta tiketi ya treni ya jioni. Mimi nimechoka kuishi roho juu."

Nikakimbia kwenye mvua, bila viatu. Nilimkuta Mwalimu yuko wima mbele ya kabati, mlango wazi, mfuko wa jeki ameutundika kifundoni mwa mkono. Hakuwa na wasiwasi hata chembe, au kama alikuwa nao alikuwa ameukalia. Nikamwambia habari ya treni, nikanyoosha mkono nimsaidie.

"Usiguse!" Nilirudisha mkono kama nimeungua. "Atakuuliza nani ametengeneza. Nataka usilazimike kudanganya."

Nikakaa chini koridoni, natiririka maji, nikatazama. Nimeshawahi kuona watu wakubwa wakifanya kazi kubwa. Sijawahi kuona kitu kama kile. Alichomoa nyaya fupi zote za mbele, moja moja, akaziacha zining'inie. Akazima swichi, akaiwasha. Halafu akachomeka mahameli, akainua kidole tusikilize. Zile kamera zikipata umeme huwa zinageuza shingo huku na huku na kutoa kimlio kidogo kabla ya kutulia. Kimya, kimya, kisha sebuleni: zzz-zzz. "Sebule mzima," akasema. Akachomeka kanga. Jikoni nako kukatoa mlio. "Jikoni mzima." Gunia, uani, ndani ya mvua, sikusikia chochote, yeye alisikia. "Uani mzima." Alikuwa anaita vyumba kama mwalimu anayeita majina asubuhi, na vyumba vinaitika.

Akachomeka jinsi. Papo hapo kila kitu kikafa, sebule, jikoni, vyote.

"Ni wewe," akaliambia geti.

Akaichomoa. Akasogeza pua kwenye ubao, akanusa tundu kwa tundu, akasimama kwenye la jinsi. "Njoo unuse." Nikanusa, harufu ya plastiki iliyoungua. Radi ilikuwa imepita kwenye waya wa getini ikakaanga jeki yake, na ile moja ikawa inaangusha zote. Akaibana kisikio, akaing'oa, akaitupa kwenye ndoo. Akatia mkono mfukoni, akatoa nyingine, akaibonyeza: ta! Akachomeka nyuma, akaweka na waya mfupi mpya mbele, akauvisha ile soksi ya jinsi, akazima, akawasha. Sebule. Jikoni. Uani. Kisha kengele ya getini ikalia yenyewe, ding-dong, kama mtu amekuja. Kumbe na kamera yake ilikuwa imenusurika. Nilipiga kigelegele, nyumba ikajaa.

Yeye alifunga kabati, akaenda kwenye simu ya jikoni, akabonyeza. "Uko wapi? Stesheni? Rudi kazini kwako. Ilikuwa geti. Nimelitengeneza. Nani? Muulize jirani." Akaninyooshea mkono wa simu. Nikasema, "Ametengeneza mwenyewe, kaka, mimi sijagusa hata msumari." Upande wa pili mtoto akasema asante, dada, akakata.

Tangu siku ile mtoto hakutaja Dar tena, na mimi nikajua tumeshinda.

Kwa hiyo utaelewa nilivyoshtuka mwaka huu, Jumamosi moja mchana. Mwalimu giza lilikuwa limeshamfunika kabisa kitambo, hata dirisha halioni, na maisha yake yanakwenda kama kawaida, chai anapika, mizabibu anapogoa kwa kupapasa. Mimi niko nje naanika nguo. Bajaji ikasimama, akashuka mtoto wake, na begi. Si begi la kulala siku mbili. Begi la kuhama.

Damu ikanipanda. Mtandao upo, kamera zote zinafanya kazi, kengele ya geti nimeisikia asubuhi ile, na huyu amekuja na begi! Nikaacha nguo kwenye beseni nikamfuata. Pale getini alijikwaa kwenye dumu la maji, dumu la njano, liko mbele yake kweupe, nusura aanguke. Nikasema "Pole" kwa hasira. Akageuza kichwa chote kunitafuta, na mimi nimesimama ubavuni mwake. Sikulitilia maanani, nilikuwa na yangu ya kusema.

Mwalimu alikuwa kwenye kochi. "Nani huyo na begi zito?"

"Mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mtandao upo."

"Upo, mama."

"Kamera zote."

"Zote, mama."

"Basi begi la nini? Tulikubaliana nini, mimi na wewe?" Sauti yake ilikuwa imenyooka, lakini mikono nimeiona, ilikuwa imeshika pindo la gauni lake kwa nguvu.

Nikashindwa kujizuia. "Kaka, haki iko wapi? Mama yako ameshindwa nini? Ametimiza kila kitu!"

"Dada, sijaja kumchukua," akasema.

Akaweka begi chini. Akakaa sakafuni, mwanaume mwenye mvi, karibu na miguu ya mama yake.

"Mama, sioni pembeni."

Mwalimu alimgeuzia sikio.

"Niligonga gari la mtu, sikuliona kabisa, nikaenda kupimwa. Ni presha ileile yako. Dawa naweka, lakini kilichokwenda kimekwenda. Kazini wamekubali nifanyie kazi kokote kwenye mtandao mzuri." Akapumua. "Kila ninayemwambia ananipa pole. Hakuna anayeniambia nitaishije. Mama, miaka yote hii nilikuwa nakutazama kwenye kamera ili nikukamate umeshindwa. Siku hizi nakutazama nione unavyofanya. Lakini kwenye kamera mikono haionekani vizuri."

Nilijishika mdomo. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni.

Mwalimu aliachia pindo la gauni. Mkono wake ukashuka ukitafuta, ukakuta kichwa, ukakuta paji la uso, na vidole gumba vikapita juu ya kope za mwanawe, taratibu, kwenda na kurudi, kama anavyopima kitambaa asichotaka kukiharibu. Hapo yule baba mzima aliangua kilio, akaweka uso magotini kwa mama yake, na mimi pale mlangoni nikalia naye bila aibu. Yeye pekee hakulia. Aliendelea kumshika kichwa, ameinua uso kuelekea mahali palipokuwa dirisha, na kwa muda wote niliomjua sikuwahi kumwona mkubwa kama alivyokuwa pale.

"Lia umalize," alimwambia. "Ukimaliza uniambie meza yako unataka ikae upande gani wa chumba chako cha zamani, maana kule hakuna waya, na fundi nitamwita aje kesho."